Kugawa Orodha ya Wagonjwa kwa Makro bila Kupoteza Mtu

Utangulizi

Somo hili linahusu kazi ndogo ya kompyuta ambayo matokeo yake huonekana kwenye mlango wa mgonjwa. Chukua mfano wa mhudumu wa kliniki ya kifua kikuu huko Makere, katika barabara itokayo Kasulu kuelekea Kibondo. Mbele yake iko orodha moja ndefu ya wagonjwa waliokosa miadi. Wako wa kata ya Makere yenyewe, wako wa Kitanga, wa Heru Ushingo, wa Nyachenda, na wapo pia wanaotoka Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanasubiri, na kila mmoja anahitaji majina ya eneo lake tu ili aanze kuwatembelea watu. Orodha moja lazima igawanywe iwe orodha nyingi.

Wengi wetu tumefanya kazi hii kwa mkono: kuchagua mistari kwa kipanya, kuinakili na kuibandika kwingine. Nami nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa, hadi siku niliyoacha mstari mmoja. Ulikuwa wa kijana aliyekuwa katika mwezi wa pili wa tiba. Jina lake lilibaki katika orodha kuu, lakini halikuingia katika karatasi ya mhudumu yeyote, hivyo hakuna aliyekwenda kumtafuta. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na mtu anayekosekana. Alirudi mwenyewe baada ya majuma matano, akikohoa. Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifundisha ninayoyaeleza hapa.

Kwa nini mstari mmoja ni mtu mmoja

Tiba ya kifua kikuu kisicho sugu huchukua miezi 6 kwa kawaida: miezi 2 ya mwanzo ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Mgonjwa akikatisha tiba, vimelea vilivyosalia hupata nafasi ya kuongezeka, na huenda vikajenga usugu. Na familia yake hurudi katika hatari ya kuambukizwa. Kwa ufafanuzi wa Shirika la Afya Duniani, mgonjwa aliyekatisha tiba kwa miezi 2 mfululizo au zaidi huhesabiwa kuwa amepotea katika ufuatiliaji. Kwa hiyo muda wa kumrudisha mgonjwa ni mfupi, na juma moja la orodha yenye kasoro si jambo dogo.

Makosa ya namna hii hayawapati wenye vituo vidogo peke yao. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilikusanya majibu ya maabara katika mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536 katika laha moja. Mistari iliyozidi haikuingia. Watu 15,841 waliothibitika kuwa na virusi kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuhesabiwa kwa wakati. Wao wenyewe walipewa majibu yao, lakini ufuatiliaji wa watu waliokutana nao ulichelewa. Programu haikuharibika, ilifanya kile ilichoweza, na kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: je, walioingia ni wangapi, na waliotoka ni wangapi?

Swali hilo ndilo kiini cha somo hili. Makro itakurahisishia kazi, lakini haitakuulizia swali hilo usipoiagiza.

Maneno tutakayotumia

Lahajedwali ni programu ya majedwali kama vile Excel. Faili moja la lahajedwali huweza kuwa na kurasa kadhaa, na kila ukurasa huitwa laha. Ndani ya laha, mstari ni ule wa mlalo, na safu ni ile ya wima. Kwetu sisi, mstari mmoja hubeba mgonjwa mmoja, na safu moja hubeba aina moja ya taarifa, kama vile kata au tarehe. Makro ni maelekezo yanayoandikwa mara moja na kuhifadhiwa, ambayo programu huyatekeleza kila yanapoitwa. Katika Excel, maelekezo hayo huandikwa kwa lugha ya VBA, iliyokuwamo katika programu hiyo tangu mwaka 1993.

Hatua ya kwanza: safisha orodha

Makro hugawa kwa kufuata herufi zilizoandikwa. Haijui jiografia ya Kasulu. Tuone mfano wa kubuni wa orodha yenye wagonjwa 84. Baada ya kugawanywa, laha zilipatikana hivi: Makere 31, Kitanga 17, Heru Ushingo 10, Heruushingo 3, Heru 1, Nyachenda 9, Rusesa 8, Kurugongo 3 na Kulugongo 2. Ukijumlisha utapata 84 kamili, na hakuna mstari uliopotea. Hata hivyo mgawanyo huo una kasoro. Kata ni sita, laha ni tisa.

Kurugongo na Kulugongo ni mahali pamoja. Tofauti imetokana na namna sikio la mwandishi lilivyoipokea l na r. Heru Ushingo na Heruushingo vilevile ni kata moja. Lakini huyo mmoja aliyeandikiwa "Heru" tu ni wa wapi? Huenda ni wa Heru Ushingo, katika Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu. Huenda pia ni wa Heru Juu, iliyo katika Halmashauri ya Mji wa Kasulu, yaani chini ya mratibu mwingine kabisa. Hapa usikisie. Rudi kwenye kadi ya mgonjwa, au piga simu. Laha yenye mtu mmoja itilie shaka kila unapoiona, kwa maana mara nyingi mtu huyo hana mhudumu anayejua kwamba ni wake.

Njia bora ni kuzuia tofauti hizo zisizaliwe. Chagua safu ya kata, nenda kwenye menyu ya "Data", kisha "Data Validation", uchague "List", na uandike majina sahihi ya kata zote yakitenganishwa kwa alama ya mkato. Tangu hapo anayejaza hataandika jina, atalichagua. Ongeza na chaguo la "Kambi ya Nyarugusu", kwa sababu kambi si kata, na mtu asiyepata neno linalomfaa ataandikiwa neno lisilo lake.

Mambo mengine manne ni ya lazima kabla ya kuendelea:

1. Nakili faili zima na ufanye kazi katika nakala. Faili la asili lisiguswe.
2. Nakala iwe na laha moja tu, iitwayo "Orodha", na vichwa vya safu viwe katika mstari wa kwanza.
3. Safu ya A iwe na namba ya mstari (1, 2, 3 na kuendelea) kwa kila mgonjwa bila kuruka. Usitumie namba ya usajili katika safu hiyo, kwa kuwa mgonjwa mgeni huenda bado hajapewa. Makro yetu hutazama safu ya A ili kujua mstari wa mwisho uko wapi. Ikikuta kisanduku kitupu, itadhani pale hapana mtu, na itamwandika mgonjwa anayefuata juu yake.
4. Ondoa vichujio vyote. Mistari iliyofichwa na kichujio mwishoni mwa orodha huenda isionwe na makro.

Hatua ya pili: andika makro

Fungua nakala yako, kisha bonyeza kitufe cha Alt pamoja na F11. Dirisha jipya litafunguka. Katika menyu ya juu bofya "Insert", kisha "Module", na uandike maelekezo yafuatayo. Tumechukulia kwamba kata imo katika safu ya nne, yaani D.

Sub GawaKwaKata()
    Dim asili As Worksheet, laha As Worksheet
    Dim mwisho As Long, i As Long, n As Long, jumla As Long
    Dim kata As String

    Set asili = ThisWorkbook.Worksheets("Orodha")
    mwisho = asili.Cells(asili.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row

    For i = 2 To mwisho
        kata = Application.WorksheetFunction.Trim(asili.Cells(i, 4).Value)
        If kata = "" Then kata = "HAIJULIKANI"

        Set laha = Nothing
        On Error Resume Next
        Set laha = ThisWorkbook.Worksheets(kata)
        On Error GoTo 0

        If laha Is Nothing Then
            Set laha = ThisWorkbook.Worksheets.Add(After:=ThisWorkbook.Worksheets(ThisWorkbook.Worksheets.Count))
            laha.Name = kata
            asili.Rows(1).Copy laha.Rows(1)
        End If

        n = laha.Cells(laha.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row + 1
        asili.Rows(i).Copy laha.Rows(n)
    Next i

    For Each laha In ThisWorkbook.Worksheets
        If laha.Name <> "Orodha" Then
            jumla = jumla + Application.WorksheetFunction.CountA(laha.Columns(1)) - 1
        End If
    Next laha

    MsgBox "Orodha: " & (mwisho - 1) & "   Laha zote: " & jumla
End Sub

Hifadhi faili kwa aina inayoruhusu makro, yaani lenye kiambishi .xlsm. Rudi kwenye lahajedwali, bonyeza Alt pamoja na F8, chagua GawaKwaKata, kisha bofya "Run".

Tueleze kwa ufupi kinachotendeka. Makro huanza kwa kutafuta mstari wa mwisho. Kisha hupita mgonjwa mmoja baada ya mwingine, kuanzia mstari wa 2. Husoma jina la kata na kuondoa nafasi za ziada. Pasipo na jina, humweka mgonjwa katika laha ya "HAIJULIKANI", ili asiachwe. Halafu huuliza kama laha ya kata hiyo ipo. Kama haipo, huiunda na kunakili vichwa vya safu. Mwisho humwandika mgonjwa katika mstari wa kwanza ulio wazi. Herufi kubwa na ndogo hazileti taabu: "MAKERE" na "Makere" huenda katika laha moja. Lakini jina la laha lisizidi herufi 31, wala lisiwe na alama kama / au : au ?, la sivyo makro itasimama njiani.

Sehemu ya mwisho ndiyo niliyoiongeza kwa sababu ya yule kijana. Angalia kwamba hatukuiagiza makro ihesabu mara ngapi imenakili. Tumeiagiza ikahesabu ndani ya laha, wagonjwa walioko huko hasa. Makro inaweza kunakili mara 84 na bado laha zikawa na watu 83, endapo mmoja ameandikwa juu ya mwingine.

Hatua ya tatu: hesabu mara tatu

Usimtumie mtu yeyote chochote kabla ya hesabu hizi tatu kukubaliana.

Hesabu ya kwanza ni ya daftari. Idadi ya waliokosa miadi katika rejesta ya karatasi ilingane na mistari ya laha ya "Orodha". Hesabu hii makro haiwezi kukufanyia, maana haioni daftari. Kama mgonjwa hakuingizwa kwenye kompyuta tangu mwanzo, au mstari wake umefichwa na kichujio, makro itakuambia kwamba mambo yote ni sawa.

Hesabu ya pili ni ile inayoonyeshwa na makro yenyewe: namba ya orodha na jumla ya laha. Zikitofautiana, futa nakala, anza upya kutoka faili la asili. Jumla ikiwa ndogo, tafuta kisanduku kitupu katika safu ya A. Jumla ikiwa maradufu, umeiendesha makro mara mbili katika faili lilelile.

Hesabu ya tatu ni ya laha. Kata zikiwa sita, laha ziwe sita, pamoja na ya kambi kama wapo watu wake. Laha ya ziada ni jina lililokosewa. Laha ya "HAIJULIKANI" ikitokea, usiifute. Hiyo ndiyo laha ya kushughulikiwa kwanza, kwa sababu watu wake hawana atakayewafuata mpaka wewe ujue wanakoishi.

Hatua ya nne: kugawa laha si kugawa faili

Hapa wengi hukosea. Laha sita zilizomo katika faili moja bado ni faili moja. Ukimtumia mhudumu wa Kitanga faili hilo ili asome laha yake, umemkabidhi pia majina ya wagonjwa wa Makere, wa Rusesa na wa kwingine kote. Kuficha laha au kuweka kichujio hakusaidii. Anayejua kubofya ataifichua mara moja.

Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini hata pasipo sheria, siri ya mgonjwa ni kiapo chetu. Kijijini watu wanafahamiana. Jina moja likionekana na asiyehusika, mgonjwa huyo huenda asirudi tena kliniki, na hapo tutakuwa tumempoteza kwa njia nyingine.

Makro hii ya pili, ukiiandika chini ya ile ya kwanza, huifanya kila laha kuwa faili lake na kulihifadhi katika folda ilipo nakala yako:

Sub HifadhiMafaili()
    Dim laha As Worksheet
    For Each laha In ThisWorkbook.Worksheets
        If laha.Name <> "Orodha" Then
            laha.Copy
            ActiveWorkbook.SaveAs ThisWorkbook.Path & "\" & laha.Name & ".xlsx", FileFormat:=51
            ActiveWorkbook.Close False
        End If
    Next laha
End Sub

Kisha lipe kila faili nenosiri, na nenosiri hilo lipeleke kwa njia tofauti na ile uliyopelekea faili. Punguza pia safu: mhudumu anayekwenda kumtafuta mtu anahitaji jina, kijiji, kitongoji na siku ya miadi. Hahitaji majibu ya vipimo vingine. Kazi ikiisha, futa nakala zilizobaki katika kompyuta ya pamoja.

Tahadhari nyingine ni hii: usiendeshe makro iliyotumwa na mtu usiyemjua, wala uliyoiokota mtandaoni bila kuielewa. Makro ina uwezo wa kufuta na kuharibu kama ilivyo na uwezo wa kupanga, na virusi vingi vya kompyuta vimeenea kwa njia hiyo. Iliyo hapa ni fupi kwa makusudi, ili uweze kuisoma mstari kwa mstari kabla ya kuiamini.

Kwa msomaji aliye mgonjwa

Huenda umesoma mpaka hapa ukijiuliza kompyuta hii inakuhusu nini. Inakuhusu mahali pamoja: pale unapoulizwa unaishi wapi. Taja kata, kijiji na kitongoji, kwa sababu jina moja laweza kuwa la kata na pia la kijiji, au la mahali pawili tofauti. Ukihama, iwe kwa kilimo, kwa biashara au kwa kurudi kwenu, tuarifu kabla, nasi tutakuandikia uhamisho uendelee kupata dawa uendako. Una haki ya kuuliza nani ataliona jina lako, na mhudumu ana wajibu wa kukujibu.

Nawe uliye na kikohozi cha majuma mawili au zaidi, homa, jasho jingi usiku au kupungua uzito, fika kituo cha afya kilicho karibu. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Hitimisho

Mhudumu mwenzangu, makro itakuokolea saa nyingi ambazo ungezitumia kunakili na kubandika. Zitumie dakika chache miongoni mwa hizo kuhesabu: daftari, orodha, laha. Namba tatu zikikubaliana, watume wahudumu njiani. Zisipokubaliana hata kwa mmoja, kaa chini umtafute huyo mmoja kwanza, maana naye ana nyumba, ana kata, na siku zake za dawa zinahesabika.